SHAABAN ROBERT: BABA ALIYEZUNGUMZA NA WANAWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika ukurasa huu tunaeleza maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ili tupate mazingatio katika mwenendo wake. Safari hii tumemchagua Shaaban Robert. Wengi wetu tunamjua kutokana na vitabu vya shule. Tumesoma Kusadikika, tumesoma mashairi yake, na tumejibu maswali juu yake katika mitihani. Lakini hapa hatukusudii kumweleza kama mshairi tu. Tunataka tumtazame kama baba wa watoto wadogo waliofiwa na mama yao, na tuangalie aliwafanyia nini.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni kwamba sisi wanafunzi wa madarasa ya juu tumekabidhiwa watoto. Hapa chuoni tunawasomesha wadogo herufi, na nyumbani sisi ni kaka na dada. Miongoni mwa wadogo hao wamo mayatima, wamo wanaolelewa na bibi zao, na wamo walioletwa mjini Dodoma kutoka Kondoa, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, mbali na mama zao. Mtoto huyo akinyamaza tunasema ana adabu. Akilia tunasema anadeka. Ni mara chache tunauliza moyo wake una nini.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Alikulia katika dini ya Kiislamu na katika lugha ya Kiswahili ya pwani, ambako watu wazima waliwafunza watoto kwa hadithi, methali na tenzi.

Alisoma shule mjini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, akapata cheti chake. Katika zama zile Waafrika waliofika hapo walikuwa wachache sana. Hakupata nafasi ya kwenda chuo kikuu, lakini hakuacha kujisomea maisha yake yote. Elimu nyingi tunayoiona katika vitabu vyake aliitafuta mwenyewe, usiku, baada ya saa za kazi.

KAZI ZAKE

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha ya serikali ya Kiingereza, akaanzia kazi Pangani. Alikaa katika idara hiyo mpaka mwaka 1944. Kisha akahamishiwa Idara ya Mifugo, na hapo ndipo maisha yake yalipogusa nchi yetu hii ya kati, kwani alifanya kazi Mpwapwa hadi mwaka 1946. Baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na halafu katika ofisi ya upimaji wa ardhi mpaka alipostaafu mwaka 1960.

Kazi ya ukarani ilikuwa ya kuhamahama. Karani alipelekwa kituo chochote, na mishahara ya Waafrika ilikuwa midogo. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema kwamba yeye kazi yake ni kutafuta riziki, na malezi ni kazi ya wanawake. Wanaume wengi walisema hivyo, na hata leo wapo wanaosema hivyo.

MSIBA WA AMINA

Mke wa ujana wa Shaaban Robert aliitwa Amina. Alimpenda sana. Amina alifariki dunia akamwacha mumewe na watoto wadogo. Shairi alilomwombolezea mkewe, ambalo limeitwa kwa jina lake, ni miongoni mwa mashairi yanayojulikana zaidi katika Kiswahili. Katika shairi hilo mwanamume mzima, Mwislamu mwenye kuamini kadari ya Mwenyezi Mungu, anaeleza waziwazi huzuni na mapenzi yake, na wakati huo huo anamwombea marehemu.

Hebu tutulie kidogo hapa. Tunajua mambo yanavyokwenda katika nyumba nyingi anapofariki mama. Watu hukusanyika, maziko hufanyika, na matanga hukaliwa. Watoto hutolewa nje wasisumbue. Wa kiume huambiwa wasilie kwa kuwa wao ni wanaume. Baada ya siku tatu watoto hugawanywa kwa jamaa, mmoja huku na mwingine kule. Mtoto wa miaka mitano huambiwa kwamba mama amesafiri, naye hungoja arudi. Hakuna anayekusudia ubaya. Watu wazima huona kwamba mtoto hana analolielewa, basi hakuna haja ya kumwambia kitu.

Shaaban Robert hakunyamaza. Alikuwa na kalamu, akaitumia kuzungumza na wanawe.

TENZI MBILI KWA WATOTO WAWILI

Alitunga tenzi mbili. Wa kwanza unaitwa Utenzi wa Hati, nao aliutunga kwa ajili ya binti yake. Wa pili ni Utenzi wa Adili, nao aliutunga kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Tenzi hizi zimo katika kitabu chake cha Maisha Yangu.

Ndani ya tenzi hizi mna nasaha juu ya kumcha Mungu, kuheshimu wazazi, kutafuta elimu, kupenda kazi, kujiweka safi, kuchunga ulimi na kuishi vizuri na watu. Baadhi ya nasaha, hasa zile zihusuzo mambo ya ndoa, ni za zama zake, na msomaji wa leo atazipima. Lakini mbali na nasaha zenyewe, tunaona mambo matatu katika namna alivyozitoa.

Kwanza, alimpa kila mtoto utenzi wake. Hakuwakusanya watoto akawasomea amri moja. Binti alikuwa na maneno yake na mvulana alikuwa na maneno yake. Mtoto anayepewa kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake hutambua kwamba yeye anahesabiwa.

Pili, aliwasemesha kwa upole wa mzazi anayemwita mtoto akae karibu naye. Hakuanza kwa vitisho. Sote tunajua tofauti ya kuitwa ili ukemewe na kuitwa ili uambiwe jambo.

Tatu, aliwapa maneno ya kudumu. Utenzi una mishororo mifupi yenye vina, na ni rahisi kuhifadhi. Mtoto mdogo hawezi kuelewa yote siku ile ile, lakini huyabeba, na kadiri anavyokua maneno humfungukia. Sisi wenye kuhifadhi Kurani tunalijua jambo hili vizuri.

ALIFUATA NJIA YA WALIOTANGULIA

Shaaban Robert hakuwa wa kwanza kufanya hivi. Mwaka 1858, huko kaskazini ya pwani yetu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, naye ni mjane wa Sheikh Mataka wa Siyu. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia ambao mpaka leo unasomwa. Yeye alikuwa mama aliyejua kwamba huenda asiishi mpaka mwanawe akue, akamwachia maneno. Shaaban Robert ni baba aliyebaki baada ya mama kuondoka, naye akafanya vivyo hivyo.

Nyuma zaidi yuko Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye naye alifiwa na baba akiwa mtoto, akalelewa na rafiki wa baba yake pamoja na nduguye Ahmad. Katika Ihyau Ulumid-Din ameeleza kwamba moyo wa mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake. Anafundisha kwamba mtoto akifanya jema asifiwe na atunzwe mbele za watu. Akikosea mara ya kwanza na akaona haya, afumbiwe macho wala asiaibishwe. Akirudia, akanywe faraghani. Asilaumiwe kila wakati, kwa sababu lawama zikizidi huzoeleka na moyo hauathiriki tena. Na baada ya masomo aachwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo daima huua moyo wake na kuzima akili yake.

Na juu ya wote hao, tukumbuke Mtume wetu (S.A.W.). Yeye alizaliwa baba yake ameshafariki, na akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita. Mama yake pia aliitwa Amina. Babu yake Abdul Muttalib alikuwa na busati lake kivulini mwa Al-Kaaba ambalo wanawe wakubwa hawakulikalia kwa heshima yake, lakini yatima huyu alipokuja kukaa hakuruhusu aondolewe, akamweka ubavuni pake. Alipokuwa mtu mzima, Mtume (S.A.W.) alimkuta mtoto mmoja, nduguye Anas bin Malik, amehuzunika kwa sababu ndege wake mdogo amekufa. Hakuona kwamba jambo hilo ni dogo mno kwake. Alimwita mtoto yule kwa jina la heshima la Abu Umair, akamwuliza habari za ndege wake. Na Anas mwenyewe, aliyemtumikia tangu akiwa na miaka kumi, alisimulia kwamba katika miaka kumi ya utumishi hakuguniwa hata mara moja.

MPWAPWA

Tulitaja kwamba mwaka 1944 alihamia Mpwapwa. Wenyeji wa mkoa huu tunakijua kituo cha mifugo cha Mpwapwa, ambacho kina historia tangu enzi za Wajerumani. Kwa mtu wa Tanga, aliyezoea minazi, bahari na mvua, nchi ya Ugogo ni nchi nyingine kabisa. Hapa ni mibuyu na miiba, upepo wa vumbi, kiangazi kirefu, na baridi ya asubuhi mwezi wa Juni na Julai. Na wakati huo ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo bidhaa zilikuwa adimu nchi nzima.

Wagogo, wenyeji wa nchi hii, nao wana njia zao za kuuangalia moyo wa mtoto. Jioni bibi huwakusanya wajukuu kwenye moto akawapa hadithi na vitendawili. Mtoto akikosea jibu watu hucheka, na yeye hucheka pamoja nao, kisha hujaribu tena. Wavulana huenda kuchunga pamoja, mkubwa akiwa na mdogo, na mkubwa huulizwa habari za mdogo kama anavyoulizwa habari za ndama. Na ngoma za Wagogo, ambazo zimejulikana hata nje ya nchi, watoto hujifunza wakiwa katikati ya watu wazima. Katika mambo hayo mtoto hujifunza kungoja zamu yake, kushindwa bila kukasirika, na kujiona kuwa ni mtu miongoni mwa watu. Kwa hiyo jambo alilolifanya mshairi wa pwani kwa kalamu, bibi wa Kigogo amelifanya kwa mdomo kizazi baada ya kizazi.

HADITHI YA ADILI NA NDUGUZE

Mwaka 1952 kilichapishwa kitabu chake cha Adili na Nduguze, ambacho vijana wengi wamekisoma. Ndani yake wamo ndugu watatu, Adili, Hasidi na Mwivu, wana wa Faraja. Hasidi na Mwivu walipoteza mali waliyorithi, na Adili akawagawia yake. Badala ya kushukuru walimwonea wivu, mpaka wakamtupa baharini. Adili aliokolewa na jini aliyemfanyia wema zamani, na ndugu zake wakageuzwa manyani. Akaamriwa awapige kila usiku.

Adili aliwapiga kwa kuwa alilazimishwa, na moyo wake uliuma. Mwisho wa hadithi hauji kwa fimbo. Unakuja kwa msamaha, na ndugu wanarudi kuwa watu. Watoto wengi hufurahia majini na manyani wa kitabu hiki. Lakini sisi tuliokua tunaona kwamba kinazungumza juu ya wivu wa ndugu, hisia ambayo kila mtoto huionja, hasa anapozaliwa mdogo wake au anapoletwa yatima kulelewa nyumbani. Wivu wa mtoto hauponi kwa kumwambia kwamba ana roho mbaya. Unapona akiona kwamba nafasi yake haijachukuliwa, na akifundishwa kugawana huku naye akigawiwa.

WATAALAMU WANASEMAJE

Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya daktari wa Kiingereza, John Bowlby, kuhusu watoto waliotengwa na mama zao. Alieleza kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa mapenzi, ulio wa karibu na wa kudumu, pamoja na mama yake au mtu aliyesimama mahali pa mama. Akiukosa, anaweza kudhurika moyoni hata kama anakula na kuvaa vizuri. Tangu wakati huo utafiti umeendelea sana. Imefahamika kwamba miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hujengeka kwa kasi zaidi, na kwamba mtoto anaposemeshwa, akajibiwa, akabebwa na kuchezeshwa, ubongo huo hujengeka vizuri.

Hapa kwetu, mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo inataja mambo matano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza kwa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake ni kumwangalia mtoto anaonyesha nini, kisha kumjibu. Babu aliyemweka yatima ubavuni pake, na Mtume (S.A.W.) aliyemwuliza mtoto habari za ndege wake, walifanya jambo hilo hilo kabla halijapewa jina.

SIFA NA KIFO CHAKE

Shaaban Robert alipata heshima kubwa. Alitunukiwa medali ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Kiingereza ilimpa nishani ya MBE. Alikuwa mjumbe katika kamati zilizoshughulikia Kiswahili cha Afrika Mashariki. Aliandika vitabu vya hadithi, insha, mashairi na tenzi, pamoja na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Aliiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui. Allah amrehemu na amsamehe.

Vitabu vyake vimesomwa na maelfu ya watu. Lakini Hati na Adili zilikuwa na wasomaji wawili kwanza, msichana na mvulana waliokuwa hawana mama.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Ndugu wasomaji, katika maisha haya tunapata mafunzo yafuatayo:

1. Malezi ya moyo ni kazi ya wanaume pia. Baba, kaka au ustadhi anayezungumza na mtoto kwa upole hapungukiwi na heshima.

2. Mtoto aliyefiwa aambiwe ukweli kwa maneno ya kiasi chake, na aruhusiwe kulia. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

3. Kila mtoto ana haki ya maneno yake. Tunapowasomesha wadogo, tumjue kila mmoja kwa jina, tujue anaishi na nani, na tumpe salamu kabla ya kumpa somo.

4. Kosa la mtoto lisitangazwe darasani. Tumwite pembeni. Akifanya vizuri, hapo ndipo tumsifu mbele ya wenzake.

5. Mchezo si adui wa elimu. Tuwaachie wadogo nafasi ya kucheza baada ya somo, na mkubwa awepo kuangalia asionewe mnyonge.

6. Mtoto aliyenyamaza aangaliwe kama anavyoangaliwa aliyelia. Huenda ukimya wake ni adabu, na huenda ni huzuni. Hatutajua mpaka tukae naye.

Si kila mmoja wetu anaweza kutunga utenzi. Lakini kila mmoja anaweza kuchuchumaa akamfikia mtoto machoni, akamwuliza leo ameamkaje, na akangoja jibu. Mtoto wa darasa la herufi anayepata mtu mmoja wa kumfanyia hivyo kila siku amepata kitu kikubwa. Tuanze na yule anayekaa peke yake nyuma ya jamvi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotutangulia, awalee kwa rehema zake mayatima walio mikononi mwetu, na atujaalie tuwe wapole kwa wadogo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.